Unataka kuingia kwenye hesabu za AI? Anza na daftari na zabibu za Dodoma

Vijana wengi hapa Dodoma wananiuliza AI waanzie wapi, na wengi wao washadaunlodi video kibao za kuandika programu ila ukiwauliza kwa nini modeli (fomula inayokisia majibu) inajifunza wanakaa kimya. Mi nawaambia funga laptop kwanza. Chukua daftari, kalamu na kalkuleta ya shule, hesabu za kidato cha 6 zinatosha kabisa, na jioni hiyohiyo utafika kwenye swali ambalo bado linawaumiza vichwa watafiti wakubwa.

Tuseme umeenda soko la Majengo msimu wa zabibu, kilo 1 umeuziwa sh 3,000 na kilo 2 sh 6,000. Modeli yako ina namba moja tu, iite w, yani bei ya kilo kwa maelfu. We unajua jibu ni 3 ila modeli haijui, kwa hiyo ianzishe na w = 0. Kosa lake ni (w − 3)² + (2w − 6)², ukijumlisha unapata 5(w − 3)². Difarenshieti, mteremko ni 10(w − 3). Halafu kila raundi, w mpya ni w ya zamani toa hatua mara mteremko, hatua ikiwa ni namba ndogo unayoichagua mwenyewe. Mbinu hii aliiandika Mfaransa Cauchy mwaka 1847, na ndo hiyohiyo, ikiongezewa marekebisho kadhaa, inayofundisha modeli zenye mabilioni ya parameta, yani namba kama hiyo w.

Weka hatua 0.05. Mteremko ni −30, w inakuwa 1.5, kisha 2.25, kisha 2.625, inaisogelea 3 polepole. Hapa usiruke, andika kila mstari kwa mkono wako. Sasa weka 0.2 uanze upya: 6, 0, 6, 0, inadunda tu haifiki popote. Weka 0.3: 9, −9, 27, ishalipuka hiyo! Mi nilipoliona hili mara ya kwanza nilirudia mara tatu nikidhani nimekosea.

Kikomo cha hatua unakipata hivi, chukua 2 gawa kwa ukali wa bonde (ukichora kosa linatoa umbo la bonde), yani derivativu ya pili, na hapa ni 10, ndo maana 0.2. Ni kama kushuka kilima cha Mlimwa, pakiwa pakali unafupisha hatua, la sivyo unaporomoka.

Haya sasa utamu wenyewe. Mwaka 2021 Jeremy Cohen na wenzake walionyesha kwamba neti za nyuroni, yani modeli zenye tabaka nyingi za namba kama w, zikifundishwa kwa data yote kwa pamoja, ukali wa bonde unapanda wenyewe mpaka unagusa 2 gawa kwa hatua, halafu unaelea palepale. Kwa hesabu ya zabibu ilitakiwa ilipuke, lakini kosa linayumba juu chini na bado kwa muda mrefu linaendelea kupungua. Kwa nini? Bonde la zabibu ukali wake haubadiliki, la neti unabadilika kadri unavyotembea, na kuielewa tabia hiyo vizuri ni kazi inayoendelea hadi leo.

Kuna na mada ya ukubwa wa modeli. Mwaka 2017 Zhang na wenzake walichukua picha 50,000 wakazibandika majina ya kubahatisha, neti ikazikariri zote. Sasa kama inaweza kukariri upuuzi, mbona ukiipa data za kweli inajibu vizuri hata picha ambazo haijawahi kuziona? Hiyo ishike, utairudia ukishasoma probabiliti vizuri.

Kesho yake ongeza namba ya pili, b, bei isiyotegemea kilo, modeli iwe wx + b. Ukali sasa unatoka kwenye matriki ya 2 kwa 2 ya derivativu za pili za kosa, tafuta aigenivalyu yake kubwa, yani ukali wa upande ulio mkali zaidi, gawa 2 kwa hiyo. Ukipata kama 0.146 uko sawa, jaribu hatua ya 0.14 na 0.15 uone tofauti.