Kufufua gari la zamani la familia: vipya vijifiche, na ethi itangulie

Mwongozo huu umetokana na kumsaidia mdogo wangu kufufua gari tuliloachiwa na baba. Alitaka libaki na sura yake ileile, ila liwake bila kusumbua, lisimame vizuri na limulike njia usiku. Msimamo wangu katika kazi hii: kila kipya kijifiche, na siku ukitaka kukitoa kisiache tundu kwenye bodi.

Hatua ya 1: Bodi

Toa kutu, chomelea, piga rangi. Kabla ya kuchomoa waya wowote, upige picha.

Hatua ya 2: Breki

Badilisha mipira yote ya breki hata kama kwa nje inaonekana mizima, maana huvimba kwa ndani na kuziba. Mafuta ya DOT 3 na DOT 4 hunyonya unyevu wa hewa, kwa hiyo mwaga yote ya zamani. DOT 5 ni ya silikoni. Usiichanganye na hayo.

Hatua ya 3: Ethi

Ethi ni njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Hapa ndipo saa zinapopotelea. Gari likishapigwa rangi, kila mahali waya wa ethi unapokutana na bodi panakuwa pamefunikwa, na rangi haipitishi umeme. Linarudi linang'aa, kumbe ukiwasha indiketa taa ya nyuma inafifia, ukiwasha taa kubwa geji ya joto inapanda, na starta inajikokota. Watu hukimbilia kununua betri, kisha alteneta, kisha swichi. Usinunue kitu bado. Chukua multimita (kipimo cha umeme).

Usipime kwa omu (ukinzani wa waya). Multimita hupitisha umeme mdogo mno, hivyo waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba utasoma karibu na sifuri na utadhani ni mzima. Pima volti wakati umeme unatumika. Washa taa kubwa, gusisha ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha hasi cha betri (si kwenye klipu), na ncha ya pili kwenye pini ya ethi ya taa. Ikisoma chini ya volti 0.2, endelea. Ikisoma 0.5 au zaidi, ethi hiyo ni mbovu. Kisha pima upande wa chanya, kutoka betri hadi pini ya taa. Huko mara nyingi swichi ya zamani ndiyo inayokula volti. Usidharau upotevu huo: balbu ya kawaida ikipata asilimia 90 ya volti zake, mwanga hushuka hadi takriban asilimia 70.

Dawa yake ni kukwangua rangi hadi chuma kionekane, kuweka washa yenye meno, kukaza, kisha kupaka grisi juu kuzuia kutu.

Kuna waya mnene wa kutoka injini hadi bodi ambao husahaulika sana. Injini imekalia mipira, kwa hiyo waya huo usiporudishwa, umeme wa starta hujitafutia njia kwenye kebo ya akselereta au ya choki. Kebo ikipata moto unapopiga starta, tatizo ni hilo.

Angalizo: magari mengi ya Uingereza ya miaka ya 1950 yalifungwa chanya ya betri kwenye bodi. Hakikisha la kwako likoje kabla ya kufunga redio au kifaa chochote cha kielektroniki, maana ukigeuza utakiunguza.

Hatua ya 4: Rilei za taa

Balbu mbili za wati 60 kwenye volti 12 hula ampea 10, na mzigo huo wote ulikuwa ukipita kwenye swichi. Funga rilei mbili (swichi zinazowashwa kwa umeme mdogo ili zipitishe mkubwa), ya mwanga mkali na ya mwanga hafifu. Kwa namba zilizoandikwa kwenye pini za rilei: 30 itoke betri kupitia fyuzi iliyo karibu na betri, 87 iende taa, 86 ipokee waya wa swichi, 85 iende ethi. Napendelea hivi kuliko balbu za LED, ambazo ndani ya kioo cha zamani hutawanya mwanga na kumpofusha anayekuja mbele.

Hatua ya 5: LED za ndani

Kwenye geji ziweke tu. Kwenye indiketa utahitaji flasha (kifaa kinachozipepesa) ya kielektroniki. Taa ya chaji iachie balbu yake: katika magari mengi umeme unaopita hapo ndio unaoiamsha alteneta, na LED peke yake haipitishi wa kutosha.