Somo: Kuandaa maji ya nyumbani kwa tangi la samaki wa baharini

Wakuu, mwani ukijaa tangini au matumbawe yakianza kufa, anzieni uchunguzi kwenye bomba. Maji tunayokunywa bila shida yanaweza kuwa na klorini, nitrati, fosfati, hata shaba, na shaba kidogo tu inaua kamba na konokono. Maji ya visima vya Dar nayo mengi yana chumvichumvi. Chumvi ya akwariamu hutengenezwa iingie kwenye maji matupu, kwa hiyo tunaanza kwa kuyaondolea maji kila kitu.

1. Chuja. Tumia mtambo wa RO (unaosukuma maji yapite kwenye utando wenye vitundu vidogo mno) wenye risini, yaani chembe zinazonasa madini yaliyobaki. Maji yapite kwanza kwenye chujio la tope, kisha kaboni, kisha utando, mwisho risini. Msigeuze mpangilio: kaboni hunasa klorini, na klorini ikiufikia utando inauharibu.

2. Pima. Mita ya TDS, inayopima jumla ya vitu vilivyoyeyuka majini, isome 0. Ikianza kupanda, badilisha risini hata kama maji yanang'aa. Macho hayaoni nitrati.

3. Changanya. Hapa ndipo wengi wanaharibu. Jaza maji kwenye pipa safi la plastiki lisilowahi kuwekwa kemikali, washa pampu, ndipo umimine chumvi kidogo kidogo, takriban gramu 35 kwa lita. Ukianza na chumvi halafu ukamwagia maji, kalsiamu hushikana na kabonati na kuwa chenga nyeupe zinazotua chini, na hazirudi kuyeyuka. Mulika tochi: maji yaliyokubali, pampu unaiona hadi chini. Yakiwa bado na ukungu kama maji ya mchele, yaache yaendelee kuzunguka.

4. Subiri. Mimi huacha pampu usiku kucha. Kesho yake pima kwa refraktomita, kifaa cha kupimia chumvi majini: 35 kwa elfu, joto nyuzi 25 au 26, sawa na tangini.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, nikiyachemsha haitoshi?*
Haitoshi. Klorini itatoka, lakini madini yanabaki, na kadiri mvuke unavyopaa ndivyo yanavyozidi.

*Nipo Kigamboni, bahari naiona dirishani. Kwa nini nisichote tu?*
Unaweza, dada. Chota maji yakiwa yamejaa, mbali na midomo ya mito na mitaro, na uache kabisa wakati wa masika, maana mvua hushusha chumvi na kuleta uchafu wa mjini. Yachuje, upime kabla ya kuyatumia.

*Maji yakipungua tangini naongeza ya chumvi?*
Hapana, kaka. Kinachopaa ni maji, chumvi inabaki. Ongeza yale ya RO matupu. Ya chumvi ni ya siku ya kubadilisha maji.

*RO inamwaga maji mengi, bili itaniua.*
Kweli, kwa lita 1 safi mitambo mingi ya nyumbani humwaga 3 au 4. Elekeza mpira unaotoa maji hayo ya kumwagwa kwenye ndoo. Maji hayo yanafaa kudekia, kufulia na kumwaga chooni.