Kutoka dropshipingi mpaka mashuka ya mpira: nilivyohama, hatua kwa hatua

Nilianza dropshipingi 2020, yaani kuuza mtandaoni bidhaa ambazo msambazaji anamtumia mteja moja kwa moja bila mimi kuzishika, nikiwa hapahapa Dar, nauza Marekani, na sasa hivi nauza mashuka ya mpira, yale yenye mpira pembeni wa kubana godoro, yanayoshonwa Tabata kwa kipimo cha godoro la mteja. Watu wengi wananiuliza nilihamaje, wengine wamekwama kabisa hawajui waanzie wapi, basi leo naandika nilivyofanya, na pale nilipokosea nasema pia ili wewe usirudie.

Kwa nini nilitoka? Matangazo kwanza. Apple walipoleta iOS 14.5, Aprili 2021, mtu wa iPhone akaanza kuulizwa kama anakubali kufuatiliwa na programu, wengi wakakataa, na Facebook ikawa haioni vizuri nani kanunua na nani kapita tu, hela ya matangazo ikawa inaisha bila mimi kujua imeenda wapi. Halafu ushuru. Mzigo wa chini ya dola 800 ulikuwa unaingia Marekani bila ushuru, Mei 2, 2025 hiyo nafuu ikafutwa kwa mizigo ya China na Hong Kong, Agosti 29 mwaka huohuo ikafutwa kwa nchi zote. Mimi mzigo wangu wote ulikuwa wa China.

Lakini nikisema ukweli wangu, kilichonitoa hasa ni mama mmoja wa kule aliyenitumia picha ya kitu alichonunua kwangu, mshono umeachia siku ya pili, akaniuliza kwa upole kabisa, hivi wewe ulikikagua kabla ya kunitumia? Sikuwa na la kumjibu. Nilikuwa nimeuza vile vitu zaidi ya mia na sijawahi kushika hata kimoja. Nikajisemea biashara inayofuata, chochote nitakachouza kitapita mkononi kwangu kwanza.

Hatua ya 1: Funga duka la zamani kwa utaratibu

Usizime tu ukaondoka. Anza kwa kusimamisha matangazo yote, kisha malizia oda ambazo hazijafika, mteja ambaye mzigo wake hauna dalili mrudishie hela yake mapema kabla hajaenda benki kulalamika. Mwenye kadi anaweza kulalamika mara nyingi mpaka siku 120, kwa hiyo duka likishafungwa usile ile hela yote iliyobaki, acha akiba mahali. Mimi sikuacha. Kampuni iliyokuwa inanipokelea malipo ikashikilia salio langu miezi kadhaa, na wakati huohuo malalamiko mawili yakaingia nikalipa kwa hela ya kodi ya nyumba, ilikuwa miezi migumu sana kwangu na kwa mke wangu.

Halafu pitia kadi yako uone nini kinakata kila mwezi. Shopify, lile jukwaa la kufungulia duka la mtandaoni, mpango wa Basic ukilipa mwezi kwa mwezi ni dola 39, na juu yake zipo zile programu ndogondogo za kuongeza mle dukani, nyingine zinatoza zenyewe pembeni hata ukiwa umeshaacha kuzitumia, futa moja moja. Kabla hujafunga pakua oda zote, na hifadhi meseji zote za wateja. Hizo meseji ndizo mtaji wenyewe, nakuja huko.

Hatua ya 2: Kaa chini usome meseji zako zote

Hii ilinichukua wiki mbili na daftari la kaunta. Nilisoma kila swali na kila lalamiko, nikapanga kwa mafungu: yaliyohusu kuchelewa, yaliyohusu ubora, na yale ya watu wanaouliza kitu ambacho sikuwa nacho. Fungu la tatu ndilo la kulitazama sana. Nilikuwa nauza vishikizo vya kubana shuka lisitoke kwenye godoro, na wateja wengi walikuwa wananiuliza, huna shuka lenyewe ambalo halitoki? Nikamsimulia dada yangu, akasema hata mimi, godoro langu nene, kila asubuhi shuka liko katikati ya kitanda. Nikauliza majirani, nikauliza kazini kwa wife, jibu lilelile. Shuka la mpira la dukani lipo, ila limeshonwa kwa godoro la inchi 6 au 8, na watu siku hizi wana magodoro ya inchi 10 na kuendelea, pembe moja ukiivuta nyingine inaruka.

Wewe yako inaweza isiwe shuka. Ila utaratibu ndio huo, tafuta kile watu walichokuwa wanakuulizia ukakosa, kisha uliza watu wa mtaani kwako kama na wao kinawasumbua.

Hatua ya 3: Jifunze kitu chako mpaka ukijue kwa mkono

Hapa nitakaa kidogo maana ndipo watu wa dropshipingi tunapokuwa weupe kabisa.

Nilienda Kariakoo siku nne mfululizo bila kununua jora hata moja. Muuzaji karibu kila mmoja atakwambia hii pamba asilimia mia, sasa wewe omba kipande kidogo, nenda nacho nyumbani, chomoa nyuzi chache, ziwashe kwa kiberiti juu ya sahani. Pamba inawaka haraka, harufu yake kama karatasi iliyoungua, na inaacha jivu laini linalopeperuka. Polista inajikunja na kuyeyuka, inanuka plastiki, inaacha kidonge kigumu cheusi. Ukiona vyote viwili ujue ni mchanganyiko. Mchanganyiko sio mbaya, haukunjiki sana na unakauka haraka, ila mwambie mteja kwamba ni mchanganyiko na bei yake iwe ya mchanganyiko.

Rangi: lowesha kitambaa cheupe, sugua mara ishirini juu ya kile kipande. Kikichafuka, acha hilo jora hata kama bei tamu.

Kupungua: kata kipande cha sentimita 50 kwa 50, osha kama mteja atakavyoosha, anika, pima tena. Kikiwa 48 kimepungua asilimia 4, na kwenye shuka la urefu wa sentimita 253 hiyo ni karibu sentimita 10, yaani shuka lililokaa vizuri leo wiki ijayo halifiki pembeni. Oda zangu saba za mwanzo zilirudi kwa sababu hii. Nikazishona upya zote kwa hela yangu, na wale wateja saba mpaka leo ninao.

Sasa hesabu ya kukata. Godoro la futi 5 kwa 6 ni kama sentimita 152 kwa 183. Chukua upana, ongeza kina mara mbili, ongeza sentimita 20 za kukunjia chini, yaani 10 kila upande. Godoro la inchi 10 kina chake ni sentimita 25, kwa hiyo upana ni 152 na 50 na 20, inakuja 222, na urefu ni 183 na 50 na 20, inakuja 253. Ongeza ile asilimia ya kupungua pande zote mbili. Kitambaa cha upana wa 240 kinatosha bila kuunga. Ila la 6 kwa 6 ni 253 pande zote, 240 haitoshi, hata ukipunguza kunja mpaka sentimita 5 unapata 243 na bado hujagusa ya kupungua, kwa hiyo hapo tafuta kitambaa cha upana wa 280 au ukubali kuunga pembeni na umwambie mteja kabla. Pembeni fundi anakata mraba wa 35 kila kona, yaani kina 25 na kunja 10, anashona kona, halafu mpira unazunguka shuka lote. Sio kwenye pembe nne tu. Ukiweka pembe tu unakuwa umerudia yaleyale ya dukani.

Hatua ya 4: Uza kumi kabla hujanunua jora

Usikope, usijaze stoo. Nilishona mawili, moja la dada na moja la kwangu, tukayalalia wiki tatu, tukayafua mara tano. Kisha nikapiga video fupi ya simu, dada anavuta shuka kwa nguvu zake zote na halitoki, nikaweka stetasi ya WhatsApp na bei yake. Niliomba nusu ya malipo kabla ya kushona, nikaahidi siku nne. Watu kumi walipolipa ndipo nikaenda kununua kitambaa, na nilinunua cha hao kumi tu.

Hatua ya 5: Bei

Tuseme kitambaa mita 2.65 kwa 9,000 ni 23,850, mpira na uzi 2,500, fundi 6,000, usafiri wa kwenda Kariakoo ukigawanya 1,000. Jumla 33,350. Ukiuza 38,000 ukadhani umepata faida umejidanganya, maana bado hujaweka makato ya kutoa hela, bando, shuka litakalorudi, na muda wako. Mimi kwa gharama kama hizo nisingeuza chini ya 50,000, usafirishaji kando. Na fundi mlipe vizuri tena mlipe siku ileile, yeye ndiye biashara yenyewe, akiondoka unabaki na jora na simu.

Hatua ya 6: Pa kuuzia

Sikufungua tovuti. Nina WhatsApp Business na Instagram, basi. Kwenye katalogi weka picha ulizopiga mwenyewe, asubuhi karibu na dirisha, na bei iandikwe hapohapo. Hii tabia ya kuandika bei njoo inboksi naichukia kwa kweli, inamchosha mnunuaji na inamfanya ahisi bei inapangwa kwa kumwangalia sura.

Mteja akiandika namjibu hivi, unaweza kuichukua kama ilivyo: "Asante sana dada kwa kuulizia. Naomba vipimo vitatu vya godoro lako: urefu, upana, na kina, upime katikati ya upande, sio kwenye pembe. Kama huna futi kamba tumia uzi, uulaze juu ya rula. Ukinitumia nakutajia bei na siku ya kupokea." Akiwa mama mtu mzima naanza na shikamoo mama, na mara nyingi napiga simu kabisa kuliko kumwandikisha.

Mwombe kila mteja aisevu namba yako. Brodkasti ya WhatsApp inachukua watu 256 kwa orodha moja, na inamfikia yule tu aliyekusevu. Na picha ya chumba cha mtu usiiposti bila ruhusa yake, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo, lakini hata isingekuwepo, kile ni chumba chake cha kulala.

Malipo ni Lipa Namba, ile namba ya biashara ya kupokelea hela kwa simu, iwe na jina la biashara sio jina lako, watu wanatulia wakiona jina linalofanana na la kwenye ukurasa. Subiri meseji ya mtandao wenyewe iingie kwenye simu yako, picha ya muamala aliyokutumia mtu usiitegemee.

Hatua ya 7: Kufikisha

Dar ni boda, mtafute mmoja au wawili wa kudumu wenye boksi la kuzuia mvua. Mikoani nakwenda kukabidhi mwenyewe ofisi ya vifurushi ya basi, naandika jina na namba ya simu kwa maka pen pande mbili, napiga picha mzigo na risiti, namtumia mteja pamoja na jina la basi na saa ya kuondoka. Hiyo picha inamaliza maswali yote ya "mzigo uko wapi" ambayo kwenye dropshipingi yalikuwa yananikosesha usingizi. Mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku tangu Juni 1, 2019, kwa hiyo fundi anashona mfuko wa kamba kwa vipande vilivyobaki, mteja anaufanya wa nguo chafu, na nimeona wengi wanaulizia huo mfuko peke yake.

Hatua ya 8: Makaratasi

TIN, namba ya mlipakodi, unapata TRA bure, jina la biashara unasajili mtandaoni kwa BRELA, wakala wa usajili wa biashara, leseni unaomba halmashauri yako. Fanya mapema, nenda TRA ukiwa na hesabu zako waeleze unauza nini, watakupangia. Mimi nilichelewa kwa woga na woga wenyewe haukuwa na sababu.

Baada ya hapo ni kurudia, na kurudia kuna kazi yake. Jora jipya halifanani na lililopita hata kama muuzaji yuleyule na rangi ileile, kwa hiyo kila jora lina namba kwenye daftari langu na kipande kimebandikwa pembeni, mteja akirudi baada ya miezi sita anataka foronya za kufanana najua la kutafuta. Juzi nimeingiza la rangi ya maziwa, kipande cha 50 kimetoka 47 baada ya kufuliwa, hiyo ni asilimia 6, nyingi mno. Kesho tunalifua jora zima na kulianika kwa fundi kabla mkasi haujaligusa, na wale wanne walioagiza nimeshawapigia kuwaambia watasubiri siku mbili zaidi.