Kuota moto wa kuni masika huku Mwanza bila kujiua na moshi

Wakuu, masika ya Machi mpaka Mei watu wa Dar wanadhani Mwanza hakuna baridi, ila mvua ikipiga usiku kucha na upepo wa ziwani ukaja, nyumba ya bati huku mlimani Igogo inapoa kweli, mpaka unatamani kuhamishia jiko chumbani.

Cha kwanza kuni. Kuni mbichi sehemu kubwa ya moto wake inapotea kukausha maji yaliyomo, wewe unabaki na moshi na macho mekundu. Pasua vipande visizidi unene wa mkono, panga juu ya mawe (mawe huku hatukosi) zisiguse chini, turubai funika juu tu, pembeni acha upepo upite. Zikikauka utaona nyufa mwishoni na ukizigonganisha zinalia ko ko, ikilia du rudisha hiyo.

Kuwasha anza na vijiti, vikishika ndo unaongeza kubwa moja moja, usijaze jiko maana moto unataka hewa. Majivu toa kila asubuhi.

Jiko lisilo na bomba la moshi otea kibarazani, basi. Na msidanganyane eti mkaa ukishakuwa mwekundu hauna shida kisa hautoi moshi, bado unatoa kaboni monoksaidi, gesi ya sumu ambayo haina rangi wala harufu, kichwa kinauma, unasinzia, huamki. Ukisikia kizunguzungu wote tokeni nje fasta. Muda wa kulala ni sweta na blanketi, jiko libaki nje.