Namna ya Kuchunguza Mfumo wa Kupandana wa Kwera kwa Kumfuata Jike

Mpwa wangu anayesoma zoolojia alinijia na daftari lililojaa habari za madume ya kwera, wale ndege wafumao viota vya nyasi: nani kajenga, nani kapigana na nani. Hakukuwa na jike hata mmoja, ilhali ni jike anayeamua dume gani atakuwa na wake wangapi. Tulianza upya hivi.

Hatua ya 1. Tafuta mgunga wenye viota vya kwera mwenye kichwa cheusi, wakati wa masika, karibu na maji; Nairobi hutakosa. Fika kabla ya saa moja asubuhi. Darubini ya 8x42 (inayokuza mara nane, lenzi za mbele za milimita 42) inatosha, na uandike kwa penseli, kwa kuwa simu hukufanya uinamishe kichwa wakati jike anapoingia.

Hatua ya 2. Chora mti, kipe kila kiota nambari na uonyeshe ni cha dume gani.

Hatua ya 3. Tenganisha jike kukikagua kiota na kukikubali. Hapa ndipo nilipopoteza asubuhi mbili nzima, nikihesabu kila jike aliyeingia kuwa mke, hadi kiota nilichokiandikia wake sita kikabomolewa na mwenyewe mbele ya macho yangu. Dume huning'inia chini ya mlango akipiga mabawa. Jike huingia, huvuta nyuzi za ndani kana kwamba anapima ushonaji, kisha mara nyingi huondoka. Kiota kibichi humvutia kuliko kilichokauka, na kile kilichokataliwa kwa takriban wiki moja, kikishageuka rangi ya kahawia, dume hukifumua na kujenga kingine. Kwa hiyo usiandike "amekubali" mpaka umwone jike akiingiza vichwa laini vya nyasi au manyoya ya kutandika ndani. Hata hapo tahadhari: dume mchanga hufanana sana na jike na hubeba nyasi vilevile, ila yake huwa ni ukanda mrefu wa kijani wa kusukia. Ukiwa na shaka, weka alama ya kuuliza, usikisie.

Hatua ya 4. Hesabu viota vilivyotandikwa kwa kila dume. Mwenye viwili au zaidi kwa wakati mmoja ana mitara. Wa jirani anaweza kukosa kabisa. Hesabu hii haithibitishi ubaba wa makinda, kwani hilo huhitaji vipimo vya DNA.

Hatua ya 5. Linganisha na spishi nyingine. Kule Kinangop, Kenya, mtafiti Malte Andersson alirefusha mikia ya madume ya ndege mweusi wa mbugani mwenye mkia mrefu kwa kuwagundisha manyoya ya wenzao, na katika matokeo aliyochapisha mwaka 1982, majike wengi zaidi walikwenda kuzalia katika maeneo ya madume hao. Yule ndege wa vidole virefu anayetembea juu ya majani ya yungiyungi (kwa Kiingereza, jacana) ni kinyume: jike, mkubwa kuliko dume, hulinda eneo lenye madume kadhaa na humwachia kila mmoja mayai ayaatamie. Kwake, sheria ya hatua ya 4 igeuze: hesabu madume wanaoatamia kwa kila jike.