Unakuja GITEX Dubai? Njoo na shida moja ya nyumbani

Naishi Deira, hapa Dubai, mwaka wa tisa sasa, na kila GITEX ikikaribia simu yangu haitulii, huyu yuko Muscat, yule Doha, mwingine London, wote swali ni lilelile, dada nijiandae vipi. Nimejibu kwa voisi mpaka basi, leo naandika kabisa ili mtu asome taratibu na amtumie mwenzake.

Kwa asiyeijua, GITEX ni maonesho ya teknolojia ya biashara, yapo hapa toka 1981. Fikiria Sabasaba, yale maonesho ya biashara ya Dar, ila mabanda yote ni ya programu, malipo, kamera, usalama wa mtandao, na akili mnemba siku hizi iko kila kona. Hata ukishinda humo siku zote tano humalizi. Na hapo ndo wengi wetu tunapopotelea, mtu anakata tiketi, anaomba likizo kazini, analipa nauli, akifika anazunguka tu anapokea mikoba na kalamu. Mimi mwaka wa kwanza nilirudi nyumbani na mifuko mitatu ya vipeperushi, baada ya wiki mbili sikumbuki hata mmoja nani aliniambia nini.

Mwaka uliofuata nikaja tofauti. Kaka yangu ana duka la vipuri vya magari Kariakoo, nikampigia nikamuuliza, bro, kitu gani dukani kinakunyima usingizi? Akasema mauzo naandika kwenye daftari, halafu naingiza tena kwenye EFD, ile mashine ya risiti za kodi, ili risiti itoke, kazi moja naifanya mara mbili na jioni stoku haiendani. Basi. Nikamwambia nipigie picha ukurasa mmoja wa daftari na risiti moja, nikaingia nazo kwenye maonesho, sikuangalia kitu kingine chochote siku ile.

Kila banda la programu za maduka niliuliza maswali matatu. La kwanza, mfumo wenu unaongea na mashine za risiti za TRA, mamlaka ya mapato Tanzania? Maana mfumo hata uwe mzuri vipi, kama hautoi risiti inayotambulika bado kaka atabaki na kazi mara mbili. Kama nyumbani kwenu ni Kenya uliza eTIMS ya KRA, Uganda uliza EFRIS ya URA, Rwanda uliza EBM, hiyo ndo mifumo ya risiti za kodi ya huko. La pili, umeme ukikatika au intaneti ikizingua mauzo yanaendelea? La tatu, data za wateja zinakaa nchi gani, kwa sababu Kenya wana sheria ya kulinda taarifa binafsi toka 2019 na Tanzania tunayo ya 2022, ukipuuza hilo leo kesho linamrudia mwenye duka sio aliyekuuzia. Mabanda mengi waliishia swali la kwanza tu. Wananitabasamia, wananipa kalamu.

Ila kwenye banda moja dogo, pembeni kabisa karibu na vyoo, kijana mmoja alichukua simu yangu akaikuza ile picha ya daftari kwa vidole, akaitazama muda mrefu, halafu akaniuliza, mbona bushi za gari la Noah zina bei mbili mstari mmoja? Nikamwambia moja ya fundi, nyingine ya mteja wa kawaida. Akaita mwenzake wakaanza kuongea kwa lugha yao wananyoosha kidole kwenye picha. Nilijua hapo nimefika. Kwa hiyo ndugu yangu njoo na picha, njoo na karatasi halisi ya kazi, usije na maelezo ya jumla jumla eti natafuta suluhisho la biashara, mtu wa mauzo akisikia hivyo anakupa hotuba aliyokariri.

Sasa mambo ya safari. Tiketi ya maonesho sio viza, tafadhali, hili nalirudia kila mwaka. Ukiwa na pasi ya Kenya, Tanzania au Uganda unaomba viza kabla ya kusafiri. Mlio Oman, Qatar na Saudia, ukaazi wenu unawapa njia ya kuomba viza ya mtandaoni, lakini iombeni mapema na muangalie ukaazi na pasi visiwe vinakaribia kuisha. Wenye pasi za Uingereza au Marekani wanagongewa wakifika. Kwenye usajili andika jina kama lilivyo kwenye pasi, majina yetu ya matatu manne yanaleta shida mlangoni.

Dawa! Kama unatumia dawa yenye kodeini au tramadol usiitupie tu kwenye begi, hapa zinadhibitiwa vikali, unaomba kibali cha serikali mtandaoni kabla hujaja na unabeba cheti cha daktari.

Mahali nako muwe makini. Miaka yote tulizoea World Trade Centre pale Sheikh Zayed Road, lakini walitangaza kwamba ya 2026 inahamia Expo City, na badala ya Oktoba ni Desemba. Kwa hiyo ushauri wa rafiki yako aliyekuja miaka ya nyuma usiubebe mzimamzima, hoteli ya karibu na pale pa zamani sasa inakuweka mbali. Unaenda kwa metro ya Red Line, angalia maandishi kwenye treni kwa sababu zinagawanyika, inayoandikwa Expo 2020 ndo yako, ukipanda nyingine unashuka Jabal Ali unabadilisha. Ukitokea huku kwetu Deira hesabu zaidi ya saa zima njiani. Kadi ya nauli, Nol ile ya rangi ya fedha, ni dirham 25, ndani kuna 19 za kusafiria. Usile wala kunywa ndani ya treni, hata maji, faini ni dirham 100.

Viatu chagua vile unavyoweza kwenda navyo sokoni asubuhi mpaka jioni. Beba kikoti au shali, humo ndani kiyoyozi hakina huruma. Plagi ni za miguu mitatu kama za nyumbani, wa Uingereza hamna shida, wa Ujerumani na Marekani njooni na adapta. Na pawabanki, usisahau.

Simu: kupiga kwa WhatsApp hapa hakupiti, meseji na voisi zinakwenda vizuri lakini kupiga hapana. Nawaambia hili kwa sababu kitu kizuri kuliko vyote unachoweza kufanya ni kumuunganisha mtu wa nyumbani moja kwa moja na mwenye banda, aone mfumo kwa macho yake. Tumia Zoom au Google Meet, mtumie linki siku moja kabla, ajaribu kwanza. Na muelewane saa! Huku tuko mbele saa moja, halafu ukimwambia kaka saa kumi kwa maana ya asubuhi ya Kizungu yeye anakaa anasubiri jioni, kwa hiyo mwandikie kabisa, saa tatu asubuhi ya Dar.

Ile beji utakayovaa ina msimbo wa kuskani, kila banda wanataka kuiskani, na kila anayeiskani anaanza kukutumia imeili. Fungua imeili ya pembeni kwa ajili hiyo tu. Wale uliowapenda kweli, wape namba yako mwenyewe, muwe kwenye WhatsApp, huku biashara inakwenda hivyo. Ukipewa kadi, hapohapo kabla hujapiga hatua kumi, andika nyuma yake kwa kalamu mliongea nini. Yule kijana wa karibu na vyoo nyuma ya kadi yake niliandika "bei mbili, anasubiri daftari zima".

Jioni hiyohiyo, hata kama miguu inauma, watumie wale wawili watatu meseji fupi yenye picha uliyowaonesha, usingoje urudi kwako, wakishafungasha mabanda wanatawanyika kila mtu na nchi yake. Omba kujaribu mfumo bure dukani kabla ya kulipa chochote. Kaka aliujaribu ule wa yule kijana wa karibu na vyoo wiki tatu, wakabishana wee kuhusu ile bei ya fundi mpaka ikakubali, na siku umeme ulipokatika Kariakoo mchana kweupe alinitumia voisi, nyuma yake nasikia jenereta za majirani zinawashwa, yeye anaendelea kuuza kwa simu yake.