Civilization VI: jinsi ya kuteka miji mikuu yote na kushinda kwa vita

Katika Civilization VI, gemu ya kompyuta ya kujenga na kuongoza taifa kwa zamu, anayeshinda kwa vita ni yule anayeshika mji mkuu wa asili wa kila taifa jingine lililoanza mchezo. Huhitaji kufuta taifa zima kwenye ramani. Adui anaweza kubaki na miji minne pembezoni na bado ukawa umemalizana naye, mradi mji wake wa kwanza uko mikononi mwako. Na ikiwa Misri ilishauteka Athene kabla hujafika, basi Athene utaufuata kwa Misri.

Wengi wanaoshindwa njia hii huhesabu askari na kusahau kuta. Kwa maoni yangu, kuta ndizo zinazoamua kila kitu humu. Mji usio na ukuta unamalizwa na wapiga mishale. Ukiwa na ukuta wa kale unahitaji gogo la kubomolea. Ukuta wa enzi za kati unalifanya gogo hilo lisifae kitu. Na taifa likishagundua teknolojia ya feleji, miji yake yote inapata ulinzi wa pointi 400 bila kujenga chochote. Kwa hiyo kila hatua hapa chini inalenga jambo moja: kufika mlangoni mwa adui kabla hajapandisha ukuta unaofuata. Naandika kwa kufuata kanuni za Gathering Storm, nyongeza ya gemu hii iliyotoka 2019.

Hatua ya 1: Chagua uwanja unaokufaa

Kwa mara ya kwanza cheza ngazi ya Prince. Ni ya nne kati ya nane, na ndiyo ambayo kompyuta haipewi upendeleo wowote. Chagua ramani ya Pangaea, yaani bara moja kubwa, ili usipoteze muda kuvusha jeshi baharini. Ukubwa wa mataifa sita unatosha: utakuwa na miji mikuu mitano ya kuteka.

Taifa ninalopendekeza ni Nubia ya malkia Amanitore. Wapiga mishale wake, wanaoitwa Pitati, wana nguvu 30 ya kurusha badala ya 25 za wapiga mishale wa kawaida, na wanatembea hatua tatu kwa zamu badala ya mbili. Pia vikosi vyake vyote vya kurusha hupata uzoefu kwa kasi ya nusu zaidi. Kama huna Nubia, chukua Roma ya Trajan iliyomo kwenye gemu ya msingi, ila utasubiri mpaka upate chuma ndipo vita vianze.

Hatua ya 2: Zamu za mwanzo

Toa mpelelezi mmoja, kisha wapiga kombeo wawili au watatu, kisha walowezi wa mji wa pili. Mpelelezi ana kazi moja tu: kumjua jirani wa karibu na mahali ulipo mji wake mkuu. Huyo ndiye wa kwanza kuangushwa.

Wapiga kombeo ni rahisi kuzalisha, na mmoja wao akiua kikosi chochote, hata cha washenzi wa porini, unapunguziwa sehemu kubwa ya gharama ya utafiti wa upigaji mishale. Wawinde washenzi makusudi. Weka dhahabu usiitumie, kwa sababu teknolojia hiyo ikiiva utawabadilisha wapiga kombeo wote kuwa Pitati kwa malipo. Ukifika kwenye utamaduni wa ufundi (Craftsmanship, kwenye mti wa utamaduni ulio kando na ule wa teknolojia), weka kadi ya sera ya Agoge, inayoongeza uzalishaji wa askari wa miguu na wa mishale kwa asilimia 50.

Jeshi la kutosha ni Pitati wanne au watano na askari wa miguu wawili. Usisubiri kuwa na kumi. Nguvu ya kujilinda ya mji hupanda kadiri mwenyewe anavyopata askari bora, hivyo kila zamu unayokaa kujaza jeshi, yeye naye anapanda.

Hatua ya 3: Tangaza vita kwa mpangilio

Vita vya kushtukiza vinaleta manung'uniko mengi kwa mataifa mengine. Njia nafuu ni kumlaani jirani hadharani, kusubiri zamu tano, kisha kutangaza vita rasmi. Zamu hizo tano ni muda wa kulisogeza jeshi mpaka mpakani. Zama za kwanza kabisa dunia inasamehe mengi, kwa hiyo kama jirani hana ukuta na wewe uko tayari, piga mara moja. Baadaye usithubutu.

Hatua ya 4: Kuuzingira mji

Hapa ndipo watu hupoteza jeshi zima, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ramani imegawanywa vigae vya pembe sita, na mji umezungukwa na vigae sita. Kila kikosi cha kupigana mkono kwa mkono kinadhibiti vigae vinavyokigusa. Mpiga mishale hadhibiti. Mji ambao vigae vyake vyote sita vimekaliwa au vimedhibitiwa unahesabiwa umezingirwa, na mji uliozingirwa haujitibu. Usiozingirwa hurudisha pointi 20 za uhai kila zamu, maana yake kazi nzima ya mmoja wa wapiga mishale wako inafutwa.

Sasa tazama hesabu yake. Weka askari mmoja wa miguu upande mmoja wa mji na wa pili upande unaomkabili moja kwa moja. Wa kwanza anakalia kigae chake na kudhibiti viwili vilivyo kando yake. Wa pili anafanya vivyo hivyo. Jumla sita, mji umefungwa. Mto ukipita kati ya vigae hivyo udhibiti hauvuki, kwa hiyo hapo ongeza askari wa tatu ng'ambo ya pili.

Wapiga mishale wakae vigae viwili kutoka mji, nyuma ya askari wa miguu, na ikiwezekana juu ya vilima. Mji una pointi 200 za uhai. Mpiga mishale hupunguziwa nguvu 17 anapoupiga mji, lakini Pitati wanne wakirusha kila zamu kwenye mji usio na ukuta, zamu tatu hivi zinatosha. Hawawezi kuuingia. Lazima askari wa miguu ndiye apige pigo la mwisho, kwa hiyo usimpeleke kushambulia mapema akachoka. Mwache ajihami hapo alipo, mishale ifanye kazi, kisha aingie kipimo cha uhai wa mji kikiwa chekundu. Na usimwingize kwa kuvuka mto ikiwa kuna upande mkavu, kwa sababu kushambulia kutoka ng'ambo kunamgharimu nguvu.

Ukikuta ukuta wa kale umeshajengwa, leta gogo la kubomolea, linalopatikana kwa teknolojia ya uashi. Linakaa kigae kimoja na askari wa miguu, na likishagusa mji, askari wote wa miguu wanaoushambulia wanaumiza ukuta kikamilifu. Wapanda farasi hawafaidiki nalo. Jambo jingine zuri: ukuta uliobomoka haujirudishi wenyewe kama uhai wa mji, na hauwezi kukarabatiwa mji ukiwa bado unapigwa. Hivyo ukishaanza, usiruke zamu hata moja. Askari mmoja akirusha mshale mmoja tu, ukarabati unasimama.

Kuhusu majeruhi: kikosi kinapopandishwa cheo kinarudishiwa pointi 50 za uhai. Usiharakishe kubonyeza kitufe hicho kikosi kikiwa kizima. Kitunze mpaka kijeruhiwe, ndipo ukipandishe. Kupora shamba la adui nako kunatibu.

Hatua ya 5: Watunze wapiga mishale wakongwe

Pitati aliyeteka mji wa kwanza ana thamani kuliko watatu wapya. Akipanda vyeo, lenga nyongeza ya mishale ya moto inayomwongezea nguvu 7 dhidi ya miji. Akifika cheo cha juu anapiga mara mbili kwa zamu, mradi hajasogea. Na kikosi hichohicho kinabadilika baadaye kuwa cha pinde za mtambo (crossbow) bila kupoteza vyeo vyake. Kikibaki na uhai chini ya nusu, kirudishe nyuma hata kama mji umebakiza kidogo. Mji hautahama.

Hatua ya 6: Mji uliouteka usikuasi

Tangu nyongeza ya Rise and Fall ya 2018, kila mji una kipimo cha uaminifu, na wakazi wa miji iliyo ndani ya vigae tisa wanauvuta. Ukiuteka mji mkuu na kuacha miji mitatu ya adui pembeni yake, uaminifu unaweza kuporomoka kwa pointi 20 kila zamu na mji ukajitenga. Dawa ni tatu. Peleka gavana mara moja: kwa kawaida huchukua zamu tano kujiweka sawa, lakini gavana aitwaye Victor anachukua tatu. Gavana yeyote anaongeza pointi 8 za uaminifu. Acha kikosi ndani ya mji. Na ya muhimu kuliko zote, teka mji wa pili wa jirani huyohuyo haraka, ili uzito wa watu ugeuke upande wako. Miji midogo usiyoihitaji unaweza kuichoma. Mji mkuu wa asili hauchomeki.

Vita virefu pia vinachosha raia. Dola-mji ya Zanzibar ikiwemo kwenye ramani yako, usiiteke. Tuma wajumbe mpaka uwe mlezi wake, upate mdalasini na karafuu, bidhaa mbili za anasa zinazowaliwaza raia na ambazo hazipatikani popote kwenye ramani.

Hatua ya 7: Wimbi la pili na la tatu

Baada ya jirani wa kwanza, na wa pili kama yuko karibu, pumzika ujenge. Lengo linalofuata ni pinde za mtambo pamoja na jenerali mkuu, anayeongeza nguvu 5 na hatua moja kwa vikosi vya zama zake vilivyo ndani ya vigae viwili. Kabla ya kubadilisha vikosi weka kadi ya jeshi la kulipwa inayopatikana kwenye utamaduni wa mamluki, nayo itakata nusu ya dhahabu. Dhidi ya kuta za enzi za kati tumia mnara wa kuzingira, na mizinga mara tu ukigundua kusubu metali.

Kila baada ya zamu chache angalia nani anakaribia feleji. Huyo ndiye anayefuata, hata kama yuko mbali kuliko mwingine. Akikuwahi, acha kupoteza askari kwenye mji wake na fanya utafiti wa moja kwa moja mpaka ndege za kudondosha mabomu, ukihifadhi alumini njiani. Ndege nne zinaumaliza ulinzi ambao mizinga ingeuhangaikia kwa zamu nyingi sana. Ila ndege haziteki mji, kwa hiyo kabla ya bomu la kwanza hakikisha una vifaru viwili au askari wa miguu waliosimama kigae kimoja nje ya upeo wa mji, wazima, wenye hatua za kutosha kuingia siku hiyohiyo uhai wa mji unapofika sifuri.